Kusoma derivati za shaba na kobalti ukiwa Lubumbashi: anzia kwenye faktura

Simama barabara ya Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, asubuhi yoyote, utaona malori yamebeba kathodi za shaba, yaani mabamba ya shaba iliyosafishwa, zimefungwa kwa mikanda ya chuma na kufunikwa turubai. Dereva anajua uzito wa mzigo. Mtu wa forodha anajua ushuru wake. Lakini bei ya shaba ile haipangwi Lubumbashi, wala Kolwezi, wala Kinshasa. Inapangwa London, kwenye soko la metali la LME (London Metal Exchange) lililoanzishwa mwaka 1877, na watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga udongo mwekundu wa Katanga.

Ndiyo maana nataka vijana wetu wasome somo hili. Derivati ni mkataba ambao thamani yake inazaliwa na bei ya kitu kingine: shaba, kobalti, mahindi, mafuta, hata dola. Usimamizi wa hatari ni kujua kabla, si baada, ni bei gani au tukio gani linaweza kukuangusha, na kupanga la kufanya. Katika mji unaoishi kwa shaba tangu ulipoanzishwa mwaka 1910, ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wanamaliza uchumi au polytechnique bila kuwahi kuisoma faktura moja ya shaba mstari kwa mstari.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa licence au master, hapa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) au chuo kingine cha mjini, anayetaka kuingia somo hili kwa dhati. Nimeupanga kwa hatua. Usizilinganishe kwa urefu, maana nyingine ni kazi ya jioni moja na nyingine itakula mwaka wako mzima.

Hatua ya kwanza: soma faktura kabla ya kitabu

Wengi wanaanza na modeli ya kupigia bei ya opsheni, aina ya derivati nitakayoieleza hatua ya tatu, kwa sababu ina fomula ndefu na inaonekana ya kisomi. Iache kwanza. Tafuta mtu anayefanya kazi kwenye kampuni ya kununua au kusafirisha madini, umwombe akueleze jinsi faktura inavyotengenezwa. Usimwombe karatasi za siri za kampuni. Achore mfano tu kwenye daftari lako.

Utagundua kwamba shaba inapotoka hapa, mara nyingi bei yake ya mwisho haijulikani. Muuzaji anatoa faktura ya muda, analipwa sehemu kubwa ya fedha, halafu faktura ya mwisho inafuata wiki au miezi baadaye, kwa wastani wa bei ya LME ya mwezi ulioandikwa kwenye mkataba. Mwezi huo ndio unaoitwa kipindi cha bei. Unaweza kuwa mwezi wa kupakia, mwezi unaofuata, au mwezi unaofuata kuvuka mpaka. Maneno mawili matatu tu kwenye mkataba, lakini fedha nyingi zinakaa humo.

Hilo nililijifunza kwa maumivu. Nikiwa kwenye staji (mafunzo ya kazini) katika kampuni moja, nilipewa kazi ya kupanga kinga dhidi ya bei kushuka kwa malori matano, kila moja tani 30, jumla tani 150. Loti moja ya shaba, yaani kipimo cha mkataba mmoja kwenye LME, ni tani 25, kwa hiyo nikahesabu loti 6. Tulikuwa tumeshanunua shaba kwa bei iliyofungwa. Tukauza loti 6 kwenye soko ili bei ikianguka, hasara ya malori ilipwe na faida ya mkataba. Mkataba wa mauzo ulisema bei ni wastani wa mwezi unaofuata mwezi wa kuvuka Kasumbalesa. Malori yalikuwa yavuke tarehe 29 Julai. Nikapanga tuzinunue tena zile loti kidogo kidogo mwezi wote wa Agosti, maana Agosti ndio ungekuwa mwezi wa bei.

Foleni ya Kasumbalesa haikujua mpango wangu. Malori yalivuka tarehe 2 Agosti. Mwezi wa bei ukahama kutoka Agosti kwenda Septemba, na mimi sikumuuliza mtu wa usafiri hata mara moja. Kinga tukaifunga Agosti, Septemba tukaingia uchi. Bei ikishuka dola 300 kwa tani katika hali hiyo, tani 150 zinakula dola 45,000. Papa aliyekuwa mkuu wa usafiri aliniambia maneno ninayoyakumbuka mpaka leo: «Mwanangu, ungenipigia simu, ningekuambia malori yako yamelala mpakani.» Kozi yangu yote ya fedha haikuwa na sura inayohusu simu hiyo.

Kwa hiyo kwenye daftari lako andika maswali manne kwa kila faktura utakayoiona: bei inatoka soko gani, ni wastani wa mwezi gani, ni tukio gani linaloamua mwezi huo, na nani anajua tarehe ya tukio hilo.

Jifunze vipimo papo hapo. Shaba ya LME inatajwa kwa dola kwa tani. Shaba ya New York, kwenye COMEX, inatajwa kwa ratili, na loti yake ni ratili 25,000. Kobalti nayo kwa kawaida inazungumzwa kwa dola kwa ratili. Tani moja ni ratili 2,204.62. Ukikosea hapo, hakuna modeli itakayokuokoa. Na usisahau mrabaha wa serikali: kwa sheria ya madini (Code minier) iliyorekebishwa mwaka 2018, shaba inalipa asilimia 3.5, na kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati, asilimia 10. Bei ya soko na fedha inayobaki mkononi ni vitu viwili.

Hatua ya pili: chora ramani ya hatari zako

Chukua karatasi kubwa. Upande wa kushoto andika mgodi au depo, upande wa kulia mnunuzi wa mwisho. Katikati weka kila hatua: kununua, kupima kiwango cha madini maabara, kupakia, mpaka, Zambia, bandari ya Dar es Salaam au Durban, meli, ghala. Kwenye kila hatua uliza: bei ikibadilika hapa, nani anaumia?

Utaona kwamba bei ni hatari moja tu kati ya nyingi. Kuna uzito na kiwango cha madini, muda, upande wa pili wa mkataba usiolipa, na sheria inayobadilika usiku mmoja. Hiyo ya mwisho tunaifahamu vizuri. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, ikaongeza muda Juni, na Oktoba ikaweka mgawo kwa kila kampuni. Kongo inachimba zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia, kwa hiyo bei ilipanda.

Sasa mfikirie mtu aliyekuwa na kobalti ghalani hapa, akawa ameuza fyucha, yaani mikataba ya sokoni ya kuuza siku za mbele kwa bei iliyofungwa leo, ili ajikinge na bei kushuka. Bei inapanda, mkataba wake unapata hasara inayodaiwa sasa, wakati mzigo ambao ungefidia hasara hiyo hauwezi kuvuka mpaka. Kinga yake imegeuka kuwa dau tupu. Huo ndio mfano ningependa kila mhadhara wa usimamizi wa hatari mjini hapa uanze nao, kwa sababu unaonyesha kwamba kinga ina maana pale tu mzigo unapoweza kufika.

Hatua ya tatu: fyucha kwa kalamu na daftari, siku kwa siku

Hapa kaa muda mrefu. Tofautisha mikataba mitatu. Forwadi ni makubaliano ya watu wawili: nitakuuzia kiasi hiki, siku hii, kwa bei hii. Fyucha ni forwadi iliyosawazishwa na kuuzwa sokoni, yenye loti, tarehe na dhamana, yaani fedha unazoweka kwa dalali kufunika hasara ya kila siku. Opsheni inakupa haki bila kukulazimisha, na haki hiyo unailipia ada mwanzoni.

LME yenyewe ina desturi ya kuuza kwa miezi mitatu, na inasimuliwa kwamba inatokana na muda ambao shaba ya Chile ilitumia baharini kufika Uingereza enzi hizo. Desturi imebaki hata baada ya meli kubadilika. Ni muhimu kwako kwa sababu bei ya leo na bei ya miezi mitatu hazifanani. Ya mbele ikiwa juu kuliko ya leo, hali hiyo inaitwa kontango. Ya leo ikiwa juu, ni bakwadesheni. Mtu anayesogeza kinga yake kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine analipa au analipwa tofauti hiyo kila mara.

Sasa zoezi. Fungua daftari, chora safu tano: tarehe, bei, mabadiliko, faida au hasara ya loti 6, salio la dhamana. Tuseme umeuza kwa dola 9,500. Siku tano zinapita, bei imefika 9,900. Mabadiliko ni 400, mara tani 150, ni dola 60,000 za hasara kwenye mkataba. Shaba yako kwenye malori nayo imepanda kwa dola 60,000. Kwa hesabu ya mwisho uko salama kabisa. Lakini dalali anataka dhamana wiki hii, na faida ya shaba itakuja kwenye faktura ya mwisho baada ya miezi miwili. Dola 60,000 za wiki hii utazitoa wapi?

Swali hilo ndilo moyo wa somo lote. Kampuni nyingi hazikuanguka kwa kukosea mwelekeo wa bei. Zilianguka kwa kukosa fedha za kusubiri. Usiende mbele mpaka uweze kumjibu mtu swali hilo kwa namba zako mwenyewe.

Halafu soma mikasa. Anza na ya Kiafrika: Ashanti Goldfields ya Ghana, mwaka 1999. Kampuni ya dhahabu ilikuwa imejikinga sana dhidi ya bei kushuka. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo benki kuu za Ulaya zikatangaza kwamba zitapunguza kuuza dhahabu, bei ikaruka ndani ya siku chache kutoka chini kidogo ya dola 270 kwa aunsi hadi kupita 320, na wenye mikataba ya upande wa pili wakadai dhamana ambayo kampuni haikuwa nayo. Fikiria hilo: mchimbaji wa dhahabu aliyekaribia kuanguka kwa sababu dhahabu imepanda. Baada yake soma Metallgesellschaft ya Ujerumani, 1993, iliyoahidi kuuza mafuta kwa miaka mingi mbele na kujikinga kwa fyucha za muda mfupi. Kisha nikeli ya LME, tarehe 8 Machi 2022, bei ilipopita dola 100,000 kwa tani, soko likafungwa na biashara za asubuhi ile zikafutwa. Kwa kila mkasa andika ukurasa mmoja tu: nani alikuwa na mzigo, nani alikuwa na karatasi, fedha zilikwama wapi.

Hatua ya nne: hisabati unayoihitaji kweli

Kalkulasi, probabiliti, takwimu, na rigresheni. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kozi nje ya kitivo chako, chukua mfululizo wa nyakati. Modeli ya Black na Scholes ya mwaka 1973, na ile ya Black ya 1976 inayofaa zaidi opsheni za fyucha, utazisoma darasani na zitaingia vizuri ukishajua zinajibu swali gani.

Kitu cha kwanza cha kukifahamu kabisa ni uwiano wa kinga. Chukua mabadiliko ya bei ya mzigo wako na mabadiliko ya bei ya fyucha, fanya rigresheni (hesabu ya mstari unaoonyesha kimoja kinavyofuata kingine), tazama mteremko. Ukipata 0.6, kila tani 100 za mzigo zinahitaji fyucha za tani 60, si 100. Excel inatosha kwa kazi hiyo. Python ni bora zaidi ukiwa na mtu wa kukuanzisha, na inaendeshwa kwenye kompyuta bila intaneti, jambo la maana sana siku ambazo mtandao unakataa.

Data zipo bure. Benki ya Dunia inatoa jedwali la bei za bidhaa kila mwezi, shaba, mahindi na mafuta yamo, na miaka inarudi hadi 1960. Lipakue mara moja siku ya mtandao mzuri, uligawe kwa wenzako kwa flashi.

Kisha jaribu kobalti, uone ugumu wake. Sehemu kubwa ya kobalti yetu inatoka kama hidroksidi, yaani kobalti ambayo bado haijasafishwa kuwa metali, nayo inauzwa kwa asilimia fulani ya bei ya metali. Tuseme metali ni dola 15 kwa ratili na hidroksidi inalipwa asilimia 80: unapata dola 12. Asilimia ikishuka hadi 60 na metali isitikisike, unapata 9. Umepoteza dola 3 kwa ratili, zaidi ya dola 6,600 kwa kila tani ya kobalti iliyomo, na fyucha ya metali haijasogea hata senti. Pengo hilo kati ya kile ulichonacho na kile unachokingia ni hatari inayojitegemea. Mwanafunzi wa Chicago anaisoma kwenye kitabu. Wewe unaweza kumkuta mtu aliyeipata wiki iliyopita, kwa mwendo wa basi moja.

Hatua ya tano: lugha tatu, daftari moja

Mhadhara ni Kifaransa, mikataba ya soko ni Kiingereza, na maelezo ya kweli utayapata kwa Kiswahili, kwa madereva, depo na wabadilishaji pesa wa barabarani. Tengeneza kamusi yako kwa safu tatu. Mimi nilipimia uelewa wangu nyumbani, kwa mama yangu aliyekuwa akiuza unga. Mwaka ambao mahindi ya Zambia yanapungua, mfuko wa kilo 25 unaruka, na bukari (ugali) mezani inapungua. Nilimweleza opsheni: unampa mwenye ghala kidogo leo, anakuhakikishia mifuko 50 mwezi ujao kwa bei hii, ukikuta sokoni ni rahisi zaidi unaachana naye.

Akafikiri. «Na kile kidogo nilichompa?»

«Hakirudi, mama.»

«Basi ni kama kumlipa mlinzi. Mwizi asipokuja, mlinzi harudishi mshahara.»

Sijapata maelezo bora ya ada ya opsheni darasani. Na akaongeza swali ambalo maprofesa wanaliita hatari ya upande wa pili: «Nani ananihakikishia kwamba huyo mwenye ghala hataniruka bei ikipanda?»

Zoezi la mahindi ni zuri pia kwa mtu asiye na mlango wa kuingilia kampuni za madini. Kila Jumamosi andika bei ya mfuko wa unga kwenye soko lilelile, kwa muuzaji yuleyule. Linganisha na mahindi meupe ya Johannesburg, ambako kuna fyucha zenye loti ya tani 100. Baada ya mwaka utakuwa na data 52 zako mwenyewe.

Hatua ya sita: staji, na wale wa kuepuka

Usiombe staji idara ya fedha peke yake. Omba wiki mbili usafirishaji, wiki mbili maabara, ndipo fedha. Umeshasoma kwa nini.

Na tafadhali, usichanganye somo hili na vikundi vya simu vinavyoahidi kuzidisha dola zako kwa wiki kwa «biashara ya soko la kimataifa». Najua wanafunzi waliopoteza ada ya mwaka humo. Anayekuahidi faida ya uhakika hakufundishi hatari. Anakuhamishia.

Vyeti vya kimataifa vya usimamizi wa hatari kama FRM (Financial Risk Manager), mtihani wa sehemu mbili, visubiri mpaka umalize chuo na uwe na kazi. Vinalipiwa kwa dola na viko kwa Kiingereza.

Hatua ya saba: mada ya kazi ya mwisho

Epuka kichwa kama «Usimamizi wa hatari katika sekta ya madini», maana hakina mwisho. Chagua swali dogo linaloweza kuhesabiwa. Siku za foleni Kasumbalesa zinabadilisha mwezi wa bei mara ngapi, na kwa gharama gani? Kinga ya metali inafaa kiasi gani kwa mwenye hidroksidi? Unga wa Lubumbashi unafuata bei ya Johannesburg au unafuata mpaka kufungwa na kufunguliwa?

Kuna moja ningependa sana mtu aichukue. Mexico kwa miaka mingi ilinunua opsheni za kuuza mafuta ili bajeti yake isianguke bei inaposhuka, na mwaka 2009 zilimlipa takriban dola bilioni 5. Sisi tulikuwa na mwaka 1975, bei ya shaba ilipoanguka na Zaire ikabaki na madeni. Hesabu ya kuanzia ni rahisi: kwa kila tani 100,000 za shaba, bei ikishuka dola 100, thamani inapungua dola milioni 10, na mrabaha wa asilimia 3.5 unapungua dola 350,000. Zidisha kwa uzalishaji wa nchi na kwa mshuko wa kweli wa mwaka mmoja mbaya, kisha weka ada ya opsheni upande wa pili wa mizani, uone nani angelipa na kwa mfuko upi. Jedwali la Benki ya Dunia unalo tayari kwenye flashi. Mpelekee msimamizi wako ukurasa mmoja wenye hesabu hiyo kabla hujaandika utangulizi hata sentensi moja.